Nyama Niliyoikataza Nyumba Nzima

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, nyie mnaokula nyama na nyie msiokula. Wote mpo humu, na kwenye harusi nawaona mnavyogawanyika kwenye masufuria. Sijasimama kusema upande upi una haki. Nimesimama kwa sababu wengi wenu mmeshanisikia nikishuhudia habari ya nyama, na ushuhuda ule ulikuwa na pengo. Leo nautoa ukiwa mzima.

Kwa ambao hamnijui, mimi ni Kabula, nakaa Kawajense, nauza ugali na maharage karibu na soko. Ni mzaliwa wa kwanza. Anayenifuata ni Masanja, na wa mwisho ni Limi. Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoweza.

Baba alitoka kaskazini na ng'ombe akatafuta malisho mpaka akafika upande wa Ugalla. Sisi tulizaliwa huko, kwenye nyumba ya miti na udongo, zizi likiwa karibu na mlango kuliko jiko. Mama alifariki Limi akiwa na miaka mitano. Baba hakuoa tena. Mimi nikawa napika, Masanja anachunga, Limi anamfuata yeyote aliye karibu.

Mtu asiyefuga anadhani mfugaji anakula nyama kila siku. Ndugu zangu, sivyo. Ng'ombe ni wa kuangalia, wa maziwa, wa mahari, wa shida kubwa. Hachinjwi kwa sababu watoto wana hamu. Nyama tulikula kwenye sherehe, kwenye msiba, au ng'ombe akifa mwenyewe. Na kwetu ng'ombe akifa mwenyewe haachwi. Mwenye ng'ombe analia kwa jicho moja, lingine linatafuta sufuria. Ndivyo tulivyokua, na sikuona ubaya wake.

Mwaka ule bwana mifugo alipita kwa pikipiki akatangaza habari ya kimeta. Alisema ng'ombe akianguka ghafla, akavimba, akatoka damu nyeusi puani, asichunwe wala asiliwe. Achimbiwe shimo refu, na yeye aitwe. Baba alimsikiliza akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa. Nami nilikuwepo.

Hazikupita wiki tatu, asubuhi moja tukalikuta jike letu jekundu limelala zizini, miguu imekakamaa, damu imetoka puani. Jana yake lilikuwa limekamuliwa na halikuwa na neno. Baba alizunguka mara mbili, akaenda ndani, akatoka na jembe. Alichagua mahali nyuma ya zizi, akapiga jembe la kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa na wiki ya pili tunakula ugali kwa mlenda. Nikamwambia, "Baba, nyama yote hii tunaizika? Na sisi tunakula mlenda?"

Akaacha kuchimba. Aliniangalia, kisha akamwangalia Limi aliyekuwa amekaa kizingitini. Halafu akaegemeza jembe ukutani, akaniambia nilete kisu.

Nikakileta.

Hilo ndilo pengo la ushuhuda wangu. Kila niliposimama mbele yenu nilisema baba alikula nyama ya ng'ombe mgonjwa, akafa. Ni kweli. Sikuwahi kusema kwamba alikuwa ameshaanza kuchimba shimo, na kwamba mimi ndiye niliyemtoa shimoni.

Siku ya tatu alitoka kipele mkononi, juu kidogo ya kifundo, mahali alipokuwa amejikwaruza kwa miiba. Tulidhani jipu. Kikavimba, katikati kikawa cheusi kama mkaa, na mkono wote ukajaa mpaka begani. Jirani alimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, na pale wakampeleka Mpanda mjini. Hakurudi. Watu wa afya na wa mifugo walikuja nyumbani, wakatupa vidonge sisi watatu, wakachukua mabaki ya nyama tuliyoikausha, wakayafukia kwa chokaa. Mmoja aliuliza, "Nani aliwaruhusu kula hii?" Nikamjibu, "Baba." Nilimsingizia marehemu, ndugu zangu, kabla hajatimiza siku mbili kaburini.

Baada ya hapo baba mkubwa alikuja kuchukua ng'ombe waliobaki, nasi shangazi yake mama akatupa chumba hapa Kawajense. Alisema Limi akae naye, Masanja aende kwa baba mkubwa kuchunga, na mimi nitafutiwe kazi za ndani. Nikakataa. Nilimwambia, "Bibi, hawa hawagawanywi." Alinicheka, lakini hakunifukuza. Nilianza kwa kuchota maji kwa watu, nikaja kuchemsha mihogo, mwisho nikafika kwenye maharage. Masanja alimaliza la saba. Limi nilimfikisha kidato cha nne. Sisemi haya nisifiwe. Nayasema ili mjue jinsi nilivyowashika, maana baadaye mkono ule ule uliowashika ndio uliowabana.

Nilianza kusali na kikundi kimoja cha maombi mtaani kwetu. Mama aliyetuongoza alikuwa na moyo mzuri, na mpaka leo namheshimu. Alifundisha kwamba mwanadamu wa kwanza alilishwa mbegu na matunda, damu ikaja baada ya uasi, na anayetaka mwili safi aache vyote vyenye damu. Wengine kwenye kikundi walibisha. Kila upande ulikuwa na mstari wake wa Maandiko, na walibishana mpaka chai inapoa. Mimi sikubisha. Niliamini siku hiyo hiyo, na nikarudi nyumbani nikatoa amri: humu ndani hapaingii nyama, hapaingii samaki, hapaingii dagaa.

"Hata dagaa, Dada?" Limi aliuliza. "Dagaa nao wana damu?"

"Wana macho," nikamwambia.

"Basi na maharage yana macho, angalia," akasema, akanionyesha lile doa la harage. Nilimtuma maji ili nisicheke.

Tuliishi hivyo miaka saba. Tulikula maharage, kunde, karanga, kisamvu, na mvua zikianza uyoga wa porini. Hatukudhoofika. Hilo niseme wazi, kwa sababu wapo wanaoogopesha watu kwamba asiyekula nyama atakauka. Limi alikua mrefu kuliko mimi. Kwenye biashara wateja walinitania kila siku. Fundi mmoja wa matofali alizoea kuniambia, "Dada Kabula, hata mchuzi uliopita karibu na mfupa huna?" Namjibu, "Mfupa unao mwenyewe mgongoni, utosheke." Tulielewana, akala, akarudi kesho.

Shida haikuwa kwenye chakula. Chakula kilikuwa kizuri. Shida ilikuwa kwamba mimi nilikifanya ukuta, na nyuma ya ukuta nilificha neno langu. Nilijiambia nimeacha nyama kwa ajili ya utakatifu. Kumbe kila nilipopita bucha na kuona nyama imening'inia, nilisikia jembe la baba likiegemezwa ukutani. Nilikuwa naogopa, ndugu zangu, na hofu ile nikaivika kanzu.

Masanja alipofika miaka ishirini alipata kazi. Alikuja ameshika mfuko wa mkate, anatabasamu, akasema, "Dada, nimepata. Bucha ya pale barabarani. Nakata na kupima."

Sikuinua kichwa kutoka kwenye sufuria. Nikamwambia kazi ni yake, lakini akirudi aoge nje kabla ya kuingia, nguo za kazi zisivuke mlango, na sahani yake itakaa peke yake. Alifanya hivyo miezi minne bila kulalamika. Mwezi wa tano akaniambia amepata chumba.

"Kuna nini kwenye chumba hicho ambacho hapa hakipo?" nikamuuliza.

"Mlango," akasema. "Naingia moja kwa moja."

Nikawaambia kikundi kwamba mdogo wangu ameanguka. Wakamwombea. Nikasimama nikashuhudia tena habari ya baba, na watu walilia. Niliketi nikiwa nimefarijika. Hilo nalo ni la kutubu.

Mwaka jana Limi akapata mchumba, Maganga, kijana wa wafugaji wa huko huko Ugalla, mtulivu, anasali. Mshenga wao alikuwa baba yake mdogo, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Tulimalizana vizuri kwenye mambo yote mpaka tukafika kwenye dume la harusi.

Kwenye ukoo wetu, upande wa mwanaume unaleta dume nyumbani kwa binti asubuhi ya harusi. Aliyesimama mahali pa baba anashika kisu kwanza, kisha anamkabidhi atakayechinja. Kisu kikishatoka kwenye mkono ule, maana yake binti ana kwao, na ametolewa kwa hiari. Kisipotoka, binti ameondoka kama mtu aliyepita njia. Mahali pa baba nilisimama mimi.

Nikamwambia mshenga kwamba dume lisiletwe. Tutapika maharage na wali wa karanga, watu watashiba.

Mshenga aliangalia juu kwenye bati. "Mama," akasema, ingawa ni mkubwa kwangu kwa miaka thelathini, "maharage nayapenda. Lakini nikawaambie wazee kwamba binti tumekabidhiwa kwa mwiko?"

"Waambie nyumba hii haina damu."

"Nyumba isiyo na damu ina nani ndani yake?" akauliza, si kwa ubaya. Akachukua kofia. "Nitawaambia. Wao ndio watasema kama ng'ombe wa mahari wanakuja au wanabaki."

Limi alikuwa amesikiliza kutoka chumbani. Alitoka, akakaa mbele yangu. "Dada, hujalazimishwa kula. Shika kisu tu, umpe mtu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nimeweka nadhiri."

"Nadhiri ya kutokula unayo. Ya kutoshika kisu uliiweka lini?"

Niliinuka nikaanza kuchambua maharage. Yeye akasema, "Basi nitatokea kwa Masanja. Atashika yeye. Ana chumba kimoja, lakini nitatokea hapo." Kesho yake alifunga nguo kwenye shuka, akaondoka mchana kweupe, majirani wanaangalia.

Kikundi kilinipongeza. Waliniambia nimesimama imara kama mwamba, wengine wangeyumba. Mimi ni mtu wa kusimama imara, ndugu zangu, mnanijua. Ndivyo nilivyowalea wale wawili. Lakini mwamba nao ukikaa njiani unapinduliwa au unazungukwa, na mimi nilikuwa nimezungukwa. Nilibaki na chumba kizima. Kwa siku nne nilipika kiasi cha watu watatu kwa mazoea, nikala sehemu moja, nyingine nikawapa kuku wa jirani.

Jumapili iliyofuata niliombwa kushuhudia, habari ile ile, ili wageni wasikie. Nikasimama hapa hapa nilipo leo. Nikaanza: baba alikuwa mfugaji, ng'ombe akafa mwenyewe, baba akashika... Nikataka kusema kisu, likatoka jembe. "Baba akashika jembe," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kusogea. Baadhi yenu mlikuwepo. Mlidhani nimezidiwa na uchungu, mkaanza kuniimbia. Haikuwa uchungu. Nilikuwa nimefika kwenye pengo, na kwa mara ya kwanza mguu ulikataa kuliruka.

Sikusikia sauti. Sikuona nuru. Nawaambia ukweli kwa sababu wengine wanangoja hivyo. Nilichosikia ni swali moja tu, tulivu kabisa: hawa wanaokuimbia wanahusika nini, na wanaohusika wako wapi? Nikatoka wimbo haujaisha. Nikatembea mpaka bucha.

Ilikuwa karibu saa saba. Masanja alikuwa anasafisha gogo la kukatia, Limi amekuja kumletea chakula. Waliponiona nimesimama chini ya nyama zilizoning'inia walishtuka. Masanja akasema, "Dada, kuna nani amekufa?"

Nikawaambia wakae. Hapakuwa na pa kukaa ila ndoo, kwa hiyo tulisimama. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyie leo: jembe, mlenda, neno nililosema, kisu nilichokileta. Nikawaambia kwamba jibu nililompa yule mtu wa afya lilikuwa uongo. Nikawaambia kwamba miaka saba yote nimewanyima nyama ili nisiulizwe.

Masanja alikuwa ameshika kitambaa. Alifuta gogo lile lile mahali pale pale mara nyingi. Kisha akasema, "Mguu niliushika mimi."

"Mguu gani?"

"Wa ng'ombe. Baba alisema nishike akate. Aliniambia, ukiona kinyaa nenda, nitamalizana naye mwenyewe, au hata nimwache, tumzike. Nikasema sioni kinyaa. Ningeondoka, angeacha." Akatazama mikono yake. "Ndiyo maana nilikuja kufanya kazi hapa, Dada. Ili nijue. Kila mnyama anayeingia humu namwona daktari wa mifugo akimkagua, anapasua ini, anapasua mapafu, ndipo anapiga muhuri. Nikiona muhuri nalala."

Limi alikuwa analia kimya. "Mimi niliomba kuongezewa," akasema. "Mara mbili. Baba akanipa ya kwake."

Ndugu zangu, tulikuwa tumelala chumba kimoja miaka yote, kila mmoja na baba yake aliyemuua peke yake.

Hapo mteja akafika, mtu wa pikipiki, akagonga kaunta kwa ufunguo. "Oya Masanja, nusu kilo, mchanganyiko, usinijazie mifupa."

"Subiri, kaka," Masanja akasema. "Tuko msibani."

Yule mtu akatuangalia. "Poleni. Nani?"

"Baba."

"Lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

Nilitegemea angecheka. Alivua kofia ngumu, akaiweka juu ya kaunta, akasimama pembeni na sisi. Kisha akasema, "Bwana alitoa," nasi tukaitikia. Nusu kilo yake Masanja aliikata vizuri, bila mifupa mingi.

Huo ndio ukombozi wangu. Hakuna pepo lililotoka kwa kelele. Neno lililokuwa limekaa miaka kumi na miwili lilitoka mchana, kwenye bucha, mbele ya watu wawili waliokuwa na haki ya kulisikia, na wa tatu alikuja kununua nyama akaukuta msiba.

Nilimtafuta mshenga mwenyewe nikamwambia dume liletwe. Niliweka sharti moja, daktari wa mifugo aje amkague kabla na baada ya kuchinjwa. Mshenga akasema, "Mama, huyo dume ana afya kunizidi mimi." Nikamwambia basi na wewe utakaguliwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na daktari alikuja.

Asubuhi ya harusi nilipewa kisu. Nilikishika, nikamwangalia Limi, nikamkabidhi Masanja. Limi akawa ana kwao. Daktari alipopiga muhuri, nilikwenda nikauangalia kwa karibu, bluu ile, kisha nikarudi kwenye sufuria yangu ya maharage. Pale palikuwa na foleni pia. Mshenga alikula pande zote mbili, akatangaza kwamba mjadala umeisha na yeye ndiye hakimu.

Mimi sikula nyama siku ile, na mpaka leo sili. Wengine wananiuliza, sasa kama umefunguliwa mbona huli? Nawajibu kwamba zamani sikula kwa sababu nilikuwa naogopa, na sasa sili kwa sababu napenda maharage yangu, na tumbo langu limezoea. Masanja akija anaingia moja kwa moja. Akitaka kuleta nyama analeta, ana sufuria yake, nami namkatia vitunguu. Yule mama wa maombi bado anafundisha anavyoamini, na mimi bado namsalimu. Nilimwambia yote. Aliniombea kwa maneno machache kuliko kawaida yake.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu, aliyeniacha nikwame mbele yenu. Namshukuru kwa wadogo zangu, ambao walinisamehe bila kunifanya niombe mara mbili. Nawashukuru nyie mlioniimbia, ingawa mliimba kwa kutojua.

Na kama yupo humu aliyefunga, aliyeacha nyama, aliyeacha pombe, aliyeacha hata kuongea na watu, simwambii avunje. Namsihi achungulie chini ya kile alichokiacha. Akikuta kuna neno la mtu mwingine limefichwa pale, amtumaini Mungu, ainuke, ampelekee mwenyewe. Asisubiri Jumapili. Baba yangu sikuweza kumwambia, yuko udongoni. Hawa wawili niliwakuta wazima.

Amina.